Maktaba ya Kitanda cha Nne

Jumatatu, 4 Machi

Leo nimeweza kukaa nusu wima, mto mgongoni, kwa hiyo leo ndiyo naanza. Mama ameniletea daftari na kalamu. "Andika, mwanangu," ameniambia, "usije ukaanza kuongea na dari."

Nipo wodi ya mifupa ya wanawake, kitanda cha nne, upande wa dirishani. Mguu wangu wa kushoto umeinuliwa na kufungwa kamba inayopita kwenye gurudumu dogo, na mwisho wa kamba kinaning'inia chuma kinachonivuta mchana kutwa, kama mtoto anayetaka kupelekwa mahali. Ni mfupa wa paja. Nilikuwa nawahi darasani, mwaka wa tatu wa sheria, nikapanda pikipiki. Mvua ya kwanza ilikuwa imenyeshea lami yenye vumbi la miezi mingi, na kwenye kona tukateleza. Dereva aliinuka akajipangusa. Mimi sikuinuka.

Nilimuuliza daktari kuhusu mitihani. Akasema yeye anatibu mifupa, na mfupa haujui kalenda ya chuo. Masika yakiisha, tutaona.

Jumatano, 6 Machi

Uji. Mvua. Sindano. Mvua.

Jumamosi, 9 Machi

Redio amekuja. Ni mwenzangu wa chumba bwenini, na jina hilo tulimpa kwa sababu hata ukimzima anaendelea kukoroma. Amenipa habari zote: nani kaachana na nani, nani kafumwa anaibia kwenye jaribio, na kwamba kazi ya Sheria ya Mirathi inatakiwa mwisho wa mwezi. Nakala za kitabu zilizopo rafuni ni mbili, na darasa zima linazigombania.

Nikasema nitatumia maktaba ya kidijitali.

"Ile? Ile inayokutoa nje ukipiga chafya?"

Ni kweli tulikuwa tunaicheka. Mwaka wa kwanza tuliingia kwa sababu mhadhiri alitulazimisha, na tulitoka kwa sababu kitabu kilifunguka ukurasa mmoja mmoja, kama mtu anayemenya vitunguu huku analia. Lakini Redio alipoondoka nikaandika jina langu na neno la siri. Ikazunguka, ikazunguka, kisha ikaandika: Karibu, msomaji.

Tangu niletwe hapa nimeitwa mgonjwa, nimeitwa kitanda cha nne, nimeitwa paja la kushoto. Nikafungua kitabu cha mirathi, nikasoma sura ya kwanza mpaka simu ikaniangukia puani.

Jumatano, 13 Machi

Kitanda cha tano yupo bibi mmoja aliyevunjika nyonga akitoka kuanika nguo. Ni mwembamba, masikio yake ni makali kuliko ya paka, na macho yake ni mabovu. Miwani ilivunjika pamoja naye.

"Mjukuu wangu," ameniuliza leo, "hiyo barua unayoisoma tangu juzi, aliyekuandikia hana kazi nyingine?"

Nikamweleza kwamba si barua. Ni maktaba ya chuo. Vitabu vyote vimo humu, ninavifungua kwa kidole.

"Vyote?"

"Maelfu, Bibi."

Akaigeuza simu mkononi, akaipima uzito. "Na haijanenepa," akasema.

Mtandao unapatikana vizuri nikinyoosha mkono kuelekea dirishani. Mkono ukichoka, maktaba inafungwa.

Ijumaa, 15 Machi

Mtu wa kwanza ninayemchukia hapa ni Sista Mkuu wa wodi. Leo tena amechomoa chaja yangu ukutani bila hata salamu. "Soketi hizi ni za mashine," akasema. "Wagonjwa wanataka kupumua, wewe unataka kusoma." Akaondoka na simu yangu mfukoni mwa sare yake. Imerudi jioni, kimya, juu ya meza ya dawa.

Jumapili, 17 Machi

Mtu ninayempenda ni shemeji yake Bibi, mdogo wa marehemu mumewe. Wodi nzima tunamwita Shemeji. Anakuja kila Jumapili na mfuko wa machungwa, naye hamgawii Bibi peke yake. Anapita kitanda kwa kitanda, anauliza umelalaje, anasogeza pazia dirisha likivuja. Kwangu amesema, "Binti, wewe ndiye mwanasheria? Pona haraka, nchi hii ina wezi wengi." Tukacheka wote.

Bibi hana mtoto wa kumzaa. Anaye binti wa marehemu dada yake, aliyemlea tangu ananyonya. Sasa ni mtu mzima, mpishi wa shule, na wanaishi pamoja. Mpishi anakuja kila jioni akitoka kazini, anamkanda Bibi miguu, haongei sana. Shemeji akiwepo, yeye hukaa kwenye benchi la nje.

Alhamisi, 21 Machi

Ujumbe umeingia kwenye simu kutoka dawati la maktaba ya kidijitali. Mkutubi wa huko anafanya utafiti wa shahada yake ya pili: kwa nini wanafunzi wanaendelea kutumia mfumo ambao wanaulalamikia kila siku. Tuchague jibu. Ni rahisi. Unanifaa. Wenzangu wanautumia. Mwalimu amenilazimisha. Nimezoea.

Nikachagua "ni rahisi", mkono ukiwa dirishani, mvua inanilowanisha kiwiko.

Jumapili, 24 Machi

Lazima niandike yote ya leo, tena kwa mpangilio, maana bado sijatulia.

Shemeji alikuja na machungwa yake kama kawaida. Akagawa, akauliza hali. Kisha akavuta kiti akaketi kati ya kitanda changu na cha Bibi, akatoa karatasi na kidau cha wino. Hakuficha kitu, na hilo ndilo linalonisumbua. Alizungumza kwa upole, kama mtu anayepanga safari ya familia.

"Shemeji," alimwambia Bibi, "nyonga ya umri wako hairudi. Tumekaa kikao. Ile nyumba ni ya kaka yetu, na kaka hakuacha mtoto. Inarudi kwa ukoo. Wewe tutakuhamishia kwangu, kuna chumba cha nyuma, hutakosa chakula. Weka dole gumba hapa, mambo yaishe kwa heri."

Bibi alikuwa ameshika chungwa. "Na mwanangu?" akauliza.

"Yule si wa ukoo wetu. Ana mikono, anafanya kazi, atapata pa kupanga."

"Ile nyumba," Bibi akasema taratibu, "matofali yake nilibeba maji mimi. Kaka yako alifyatua, mimi nikabeba. Mgongo huu uliopinda, haukupindwa na uzee."

"Hakuna anayekataa, shemeji. Lakini ndivyo ilivyo. Ndivyo ilivyokuwa kwa mama yetu, na ndivyo itakavyokuwa."

Hakuwa na hasira hata chembe. Nimesoma juu ya watu wanaowanyang'anya wajane, na siku zote niliwawazia wana macho mekundu. Huyu alikuwa amesogeza pazia ili mvua isinipige.

Bibi akanigeuzia uso. "Mjukuu wangu, hayo maelfu yako yanasemaje?"

Shemeji akanitazama, kwa wema bado. "Binti, wewe ni mgonjwa kama yeye. Haya ni mambo ya nyumbani."

Nimefaulu somo la utetezi kwa alama za juu, lakini pale maneno yalinitoroka yote. Nikasema tu, "Mpe muda, baba. Asiharakishwe."

"Mimi kulala ninalala tu," Bibi akasema. "Haraka ya nini? Njoo Jumapili nyingine."

Akakunja karatasi. Akasema Jumapili atakuja na wazee wawili wawe mashahidi. Akaniachia chungwa la ziada. Sijaweza kulila.

Jumatatu, 25 Machi

Nimeamka na hamu ya kusoma ambayo sijapata kuwa nayo tangu nijiunge na chuo. Nikaandika jina. Nikaandika neno la siri. Ikazunguka.

Akaunti hii imefungwa. Msomaji hajasajiliwa muhula huu.

Nikaandika tena. Nikadhani ni mtandao. Nikajivuta kuelekea dirishani mpaka kile chuma kikagonga kitanda na Sista akaja mbio kunirudisha. Imefungwa.

Nikampigia Redio. Hakupokea. Kwa kweli hajaja tangu siku ile. Watu wenye miguu wana mambo mengi.

Jumanne, 26 Machi

Ni Mama.

Amekiri mwenyewe, mchana, akinimenyea ndizi. Wiki iliyopita alikwenda chuoni akaandikisha kwamba naahirisha masomo. Walimwambia nisipofanya mitihani nitahesabiwa nimefeli, lakini nikiahirisha nitarudi mwakani bila doa. Akaweka sahihi kama mzazi, akarudi nyumbani.

"Hukuniuliza," nikasema.

"Ungekubali?"

"Hilo si jibu, Mama. Mimi ni mtu mzima."

"Wewe ni mtu mzima unayeogeshwa na mimi," akasema, bila ukali. "Nakuona unasoma huku jasho la maumivu linakutiririka. Vitabu havikimbii. Nilitaka upumzike."

Nikamwambia maneno ambayo sitayaandika humu. Mengine yalikuwa ya kweli, na hayo ndiyo mabaya zaidi. Mama alimaliza kumenya ndizi, akaiweka kwenye sahani, akachukua mwavuli wake. Hakufunga mlango kwa nguvu. Afadhali angeufunga kwa nguvu.

Bibi alisikia yote. Akasema, "Mama yako amekosea njia, lakini alikuwa anakuja kwako."

Jumatano, 27 Machi

Kwenye ujumbe wa ile hojaji kulikuwa na namba ya mkutubi. Nimempigia. Sauti ya mwanamke, kavu, ya mtu aliyechoka kusema samahani. Amesema mfumo unafunga wenyewe majina yote yasiyosajiliwa. Yeye hana uwezo wa kufungua. Ni kanuni.

Nikamshukuru. Nilikuwa karibu kukata, akauliza, "Lakini wewe ndiye unayeingia kila siku? Ninaona jina lako kwenye takwimu. Wenzako wanaingia wakati wa mitihani, wewe unaingia asubuhi, mchana, jioni. Upo wapi?"

"Nipo hospitali, dada. Kitanda cha nne."

Kisha akasema atakuja.

Alhamisi, 28 Machi

Mkutubi alikuja, viatu mkononi, suruali imelowa mpaka magotini. Nilimtarajia mwanamke mzee. Ni wa umri wa dada yangu mkubwa, ana mimba ya kuonekana. Akajipangusa, akaketi, akatoa kalamu.

"Ulijibu kwamba unaitumia kwa sababu ni rahisi," akasema, huku akiutazama mguu wangu, ile kamba, na simu niliyoifunga kwa bendeji kwenye chuma cha dirisha ili nisinyooshe mkono. "Nataka jibu la kweli."

Nikafikiri. Nje mvua ilikuwa inapiga mabati kama watu wanaomwaga kokoto.

"Dada, hapa kila kitu nafanyiwa. Nalishwa, naogeshwa, nageuzwa kama chapati, hata choo naletewa. Kusoma ndicho kitu pekee ninachokifanya mwenyewe. Mwanzoni ilikuwa hivyo tu. Sasa jirani yangu ameniuliza swali, na nikilijibu, kutakuwa na kitu kimoja ninachoweza kumfanyia mtu mwingine nikiwa nimelala hivi."

Hakuandika. Nikamweleza habari ya Bibi, kwa sauti ya chini, ingawa Bibi alikuwa amefumba macho kwa uongo na masikio yake yako wazi kabisa.

Mkutubi akasema, "Kuna njia moja. Msomaji maalumu kwa idhini ya idara. Haitumiki sana. Inatakiwa sahihi ya mkuu wa idara yako kabla ya kesho jioni, maana wiki ijayo ofisi zinafungwa kwa likizo. Una mtu wa kumtuma?"

Sikuwa na mtu. Mama sijamwona tangu juzi. Nikampa namba ya Redio, bila matumaini.

Ijumaa, 29 Machi

Nimefunguliwa. Alasiri, simu ilitikisika: Karibu, msomaji.

Redio alikuja baadaye kidogo, ameloa chapachapa, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu alitafuta maneno. Kumbe hakunitupa. Alikuwa na homa, amelala bwenini wiki mbili nzima, na simu yake iliingia maji. Mkutubi alimfuata mpaka chumbani.

"Lakini si mimi niliyepata sahihi," akasema. "Mimi nilifika ofisini nikaambiwa mkuu wa idara yupo kikaoni, nije baada ya likizo. Nikageuka niondoke. Mlangoni nikamkuta mama yako."

"Mama yangu?"

"Alikuja kufuta kule kuahirisha. Wamemwambia haifutiki, muda umepita. Alikuwa amekaa kwenye ngazi na mwavuli wake, anafikiri aje akwambie vipi. Nilipomweleza habari ya sahihi, akanyanyuka, akaenda kusimama mbele ya mlango wa kikao. Hakugombana na mtu, shoga. Alisimama tu. Kila aliyetoka akamwamkia, kila aliyeingia akamwamkia. Mwisho mkuu wa idara akaona haya, akatoka, akaegemeza karatasi ukutani, akasaini."

Mama aliingia nyuma yake. Nikasema, "Umelowa."

"Soma," akasema. "Nitakushikia hiyo simu."

Jumamosi, 30 Machi

Nimesoma tangu alfajiri. Vitabu viwili vya kwanza viligombana. Kimoja, cha zamani, kinasema nyumba ya marehemu asiye na mtoto hurudi kwa ndugu zake, na kinataja hukumu inayounga mkono. Moyo ulinishuka. Nikaendelea. Mfumo ulinitoa mara nyingi sana, nikarudi. Alasiri nikaipata hukumu mpya zaidi, ya mahakama ya juu kuliko ile: mke aliyechangia jasho lake kujenga ana fungu lake katika nyumba, na lile analoachiwa na mumewe linaongezwa juu yake, wala haondolewi humo bila ridhaa iliyotolewa akiwa huru na akiwa ameshauriwa na mtu asiye na faida humo.

Nikamsomea Bibi zote mbili, ya zamani na mpya. Sikutaka kumdanganya.

"Kumbe na mahakimu hugombana kama mawifi," akasema. "Nani ana sauti ya mwisho?"

"Huyu wa pili, Bibi. Lakini mimi ni mwanafunzi tu. Lazima upate wakili, au afisa wa ustawi wa jamii."

"Rudia pale penye jasho."

Nikarudia. Akaniomba nirudie tena, kisha akafumba macho, kweli safari hii.

Jumapili, 31 Machi

Walikuja watatu. Hakukuwa na machungwa.

Bibi aliomba anyanyuliwe mto. Mpishi hakukaa nje leo. Alisimama kichwani pa kitanda. Shemeji akatoa karatasi, na mmoja wa wale wazee akafungua kidau.

"Sisikii maumivu leo," Bibi akasema, "kwa hiyo msije mkasema baadaye nilikuwa sijielewi. Nyumba ile nilibeba maji ya matofali yake. Sitaweka dole. Shemeji, hujanikosea adabu hata siku moja, nami sikukosei. Lakini sitaweka."

Mzee mwenye kidau akasema, "Mwanamke, unapigana na ukoo?"

"Nimelala," Bibi akasema. "Nitapiganaje?"

Yule mzee akaunyanyua mkono wa Bibi. Sidhani alitaka kumlazimisha. Nadhani alizoea tu kuunyanyua mkono wa mtu. Nami nilifungua kinywa, ila kabla sijatoa sauti Sista Mkuu alikuwa amekwisha fika, na nikashangaa jinsi mwili mnene ule ulivyotembea kimya.

"Mkono huo una sindano ya maji," akasema. "Uweke ulipoukuta. Hii ni wodi ya mifupa. Mgonjwa wangu hasaini chochote humu bila daktari kuwepo na ofisi ya ustawi kujua."

"Ni mambo ya familia, Sista," Shemeji akasema.

"Mama yangu alisainishwa karatasi akiwa kwenye kitanda kama hiki," Sista akajibu. "Nayo yalikuwa mambo ya familia."

Waliondoka. Shemeji alikuwa wa mwisho. Alipopita kitandani kwangu alisimama kidogo, akanitazama bila wema wala ubaya, kama mtu anayesoma bango.

Baadaye Sista aliichukua tena simu yangu, na jioni akanirudishia imejaa chaji. Ndipo nilipofahamu kwamba kila siku aliyoichukua, alikuwa anaichomeka ofisini kwake.

Jumatano, 3 Aprili

Afisa wa ustawi alikuja na daktari. Bibi ameandikisha wosia: fungu lake la nyumba ni la Mpishi. Ameweka dole gumba mwenyewe, akaliangalia lilivyotoka, akasema ni zuri.

Jumapili, 7 Aprili

Shemeji hakuja. Hakuna aliyekuja upande ule.

Jumapili, 14 Aprili

Hakuja. Bibi ameangalia mlango tangu saa ya kutembelea ilipoanza mpaka kengele ya kutoka. "Miaka yote hiyo," akasema. "Alipokuwa mtoto nilimfulia sare za shule."

Sikuwa nimewaza hilo. Niliona haki ya Bibi kwenye ukurasa, imeandikwa kwa herufi zilizonyooka, nami nikadhani ikishapatikana kila kitu kitakuwa kimepatikana. Hakuna sura iliyonieleza habari ya kiti kitupu siku ya Jumapili.

Nikamuuliza kama anajuta. Akafikiri kweli kweli, hakunijibu haraka kunifurahisha. "Sijuti," akasema. "Lakini inauma. Mambo mawili hayo hukaa nyumba moja, mjukuu wangu. Nisomee kitu. Kisiwe cha sheria."

Nikatafuta. Humu kuna kila kitu: ufugaji wa nyuki, magonjwa ya mihogo, historia ya saa. Alichagua nyuki.

Ijumaa, 19 Aprili

Nyuki, sura ya nne. Mvua. Bibi anakohoa.

Jumatatu, 22 Aprili

Kikohozi kimeshuka kifuani. Daktari amesema ni mapafu; ndiyo hatari ya kulala muda mrefu katika umri ule. Wamemwekea hewa. Amenifanyia ishara kwa kidole niendelee kusoma. Nimemsomea jinsi nyuki wanavyolinda joto la mzinga wakati wa baridi. Sijui alisikia nini.

Alhamisi, 25 Aprili

Bibi amefariki asubuhi, kabla ya uji. Mpishi alikuwa amemshika miguu. Sista aliwafukuza watu wote pazia lilipofungwa, isipokuwa mimi, kwa kuwa siwezi kufukuzika.

Jumamosi, 27 Aprili

Kitanda cha tano kimetandikwa shuka safi. Sijafungua maktaba. Mama amenishikia simu kama kawaida, kisha akaiweka chini, akanishika mkono badala yake. Tumekaa hivyo. Nilimwomba radhi kwa yale maneno. Akasema, "Yapi?" na ni uongo mzuri kuliko yote aliyowahi kuniambia.

Jumatatu, 29 Aprili

Shemeji amekuja kuchukua mfuko wa nguo za marehemu. Mpishi alimpisha achukue. Mpishi ameniambia kwamba kwenye mazishi Shemeji alibeba jeneza tangu mwanzo mpaka mwisho, hakukubali kupokewa. Habari ya nyumba hakuitaja.

Aliponipita alisema, "Ulimfundisha kunikataa."

"Hapana, baba. Aliniuliza, nikamsomea."

"Nilimletea machungwa kabla ya ile karatasi," akasema, "na ningemletea baada yake. Ningemletea hadi kufa kwake." Aliuhamishia mfuko mkono wa pili. "Nilingoja aniite. Binti yake ameniambia na yeye alikuwa anangoja."

Akajitwika mfuko wa nguo, akatoka.

Ijumaa, 3 Mei

Kamba imefunguliwa. Mguu umekuwa mwembamba kama wa mtu mwingine. Nimesimama kwa magongo, Sista upande mmoja, Mama upande wa pili, nikaona kwa mara ya kwanza kilichoko chini ya dirisha: ni maegesho ya magari tu na dimbwi.

Nitarudi chuoni mwakani, nyuma ya wenzangu. Redio amesema ataniachia maelezo yake yote ya masomo, na kwamba atanisubiri kwenye uwakili, nisije nikadhani nimempoteza.

Jumatatu, 6 Mei

Mvua imegoma leo. Daktari amesema Ijumaa narudi nyumbani.

Jumatano, 8 Mei

Saa ya kutembelea, nilikuwa nimekaa kwenye kiti, magongo ukutani. Shemeji akaingia. Nyuma yake alikuwa mwanamke wa makamo, kitambaa cheusi kichwani, mtoto mgongoni. Mama akaacha kukunja nguo.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba, binti." Hakuketi. Alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili. "Huyu ni mwanangu. Mumewe alifariki mwaka jana. Jana wakwe zake walimletea karatasi, wanataka atoke kwenye nyumba kabla ya mwisho wa mwezi."

Yule mwanamke alikuwa anaangalia sakafu.

"Nilitaka kumwambia avumilie, ndivyo ilivyo," Shemeji akaendelea. "Akanijibu, baba, hivyo ndivyo wanavyoniambia na wao. Na ndivyo ulivyomwambia mama mkubwa." Akaizungusha kofia. "Sina uso wa kukuomba. Lakini vile ulivyomsomea yeye. Ile ya jasho."

Nilitafuta moyoni mwangu lile neno kali nililomwekea tangu siku ya karatasi, nikalikuta lipo, zima kabisa, na halina kazi ya kufanya. Mtoto alikuwa ameanza kulia, mama yake akawa anamtikisa taratibu.

Nikaomba simu yangu. Mama akanipa. Nikaandika jina, nikaandika neno la siri, ikaanza kuzunguka.

"Mtandao wa hapa ni wa taratibu," nikamwambia yule mwanamke. "Mteremshe mtoto, vuta kiti. Kwanza nieleze: hiyo nyumba mliijenga vipi?"